Jiwe la Bi Tabu Kisimani

Hadithi inapita!

Ipisheni ipite!

Imebeba nini?

Itue, tuone!

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanasafiri kwa miguu na kusalimiana njiani, palikuwa na barabara ya kutoka vilima vya Kengewa mpaka mtoni. Kando yake yalisimama mawe ya kumbukumbu. Jiwe hili lilisema hapa Swala walinusurika na moto. Jiwe lile lilisema hapa Kanga aliwapatanisha ndugu waliogombana miaka saba. Ukiipita barabara ile ulikuwa unatembea na wazee wako. Siku hizi tunapita mbio, hatusomi kitu, na mimi inaniuma.

Jiwe la mwisho lilikuwa kisimani. Liliandikwa: HAPA BI TABU ALICHIMBA MAJI, MWAKA WA KIU. Bi Tabu alikuwa fuko, na mjukuu wake aliishi hapo hapo jirani. Macho ya fuko mnayajua, ni kama hayapo. Basi kila asubuhi Fuko alilisoma jiwe kwa pua, herufi moja moja. Herufi zenyewe alizichonga mama yake. Pua ikifika kwenye jina la bibi, Fuko alisikia tena harufu ya udongo mbichi, na bibi akimwambia, "Chimba kwa mikono miwili, babu yako asije akakucheka."

Asubuhi moja akaweka pua, akasoma. HAPA KIBOKO... Pua ikasimama.

"Nani amefuta jina la bibi yangu?"

"Mimi," akasema Kiboko. Alikuwa amejilaza ndani ya kisima, na maji yote yamegeuka tope. "Kwaru kwaru, nikafuta kwa jino. Kwaru kwaru, nikaandika. Jina langu, kisima changu. Nyinyi mtakunywa nikishamaliza kuoga."

"Lakini aliyechimba ni bibi."

"Bibi yako amekufa. Mimi nipo. Nani atanibishia?"

Fuko alirudi shimoni akalia, na alipomaliza kulia akafikiri. Kiboko ni mtu wa maji, barabara haijui, na mila ya barabara haijui. Mawe yale husimikwa kwa waliokufa tu. Mwenye jiwe akiwa hai, msafiri yeyote anaweza kumwambia aonyeshe alivyofanya. Akikataa, amekiri kwamba hakufanya.

Fuko akarudi kisimani kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Nimekuja kukushauri. Kuchimba maji tu ni kudogo kwa mtu kama wewe. Andika ulichimba mwamba."

"Kweli kabisa," akasema Kiboko. Kwaru kwaru, akaandika mwamba.

"Andika ulichimba juani, mchana kutwa."

Kwaru kwaru, akaandika jua.

"Andika hukutia kitu mdomoni."

Hapo Kiboko akasita kidogo. Lakini sifa ni tamu. Kwaru kwaru, akaandika.

Fuko akaenda kukaa barabarani. Wakaja Swala, wakasoma, wakauliza, "Mwenye jiwe yupo?"

"Yupo."

"Yu hai?"

"Yu hai, yule anaoga."

"Basi atuonyeshe."

Fuko akamweleza Kiboko mila ya barabara, neno kwa neno. Kiboko akatazama jiwe, akatazama Swala, akajivuta nje, chubwiii. Akachimba mwamba. Ko! Ko! Ko! Jua likampiga mgongoni mpaka jioni, na majani akayaona kwa macho tu.

Kesho yake wakaja Nyumbu. "Mwenye jiwe yupo?" Yupo. "Yu hai?" Yu hai. "Basi atuonyeshe." Ko! Ko! Ko!

Siku ya tatu akaja Kobe peke yake. Yeye aliomba aonyeshwe polepole.

Siku ya nne ngozi ya Kiboko ilikuwa imepasuka na tumbo linanguruma. Akamwita Fuko kwa sauti ya chini.

"Mjukuu wa Bi Tabu, nifutie hili jina."

"Mimi sina jino kama lako, mzee. Uliyefuta ni wewe. Andika wewe, wasafiri wakiona."

Kwaru kwaru. Kiboko akaandika alichoambiwa, akashika njia ya mtoni, na kisimani hakuonekana tena. Maji yakatulia, yakawa meupe.

Fuko akaweka pua kwenye jiwe. Jina la bibi lilikuwepo, kubwa kuliko zamani, limepinda huku na huku. Ila mkono wa mama yake haukuwemo. Akasoma mara ya pili, polepole zaidi, akiutafuta.

Basi, wenzangu, funzo ni hili: ukiiba sifa, iba ya kazi nyepesi.

Hadithi imetua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache kando ya njia, wapitao wataisoma.