Paa Aliyempa Fisi Mwanawe

Paukwa.

Semeni pakawa.

Pakawa nini? Pakawa pori, pakawa kijito, pakawa mama aliyesema asisikike. Sogeeni karibu, hadithi hii si ya kucheka.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakipika na kutembeleana, alikuwapo Paa mmoja jina lake Siwema. Aliolewa na Paa mwenzake, Shomari, wakajenga kibanda kwenye kichaka cha miiba kando ya kijito. Wakakaa, wakakaa, Mungu akawajalia mtoto wa kiume. Wakamwita Tunu.

Siku arobaini za uzazi zilikuwa njema. Mama mkwe wa Siwema, Bi Arafa, alikuja na sufuria yake. Alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamfunga tumbo. Jirani yao Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuja kila asubuhi kufua nepi. Siku ya arobaini wakamnyoa mtoto, wakala pilau, wakaimba.

Siku ya arobaini na moja kila mtu akarudi kwake.

Siwema akabaki na Tunu, na Tunu alikuwa mtoto wa kulia. Akinyonya analia, akiacha kunyonya analia. Siwema alimbeba, akazunguka naye kichaka kizima, akamwimbia:

*Nyamaza Tunu, nyamaza,*
*baba yuko malishoni,*
*mama yuko hapa hapa,*
*hapa hapa, haondoki.*

Mtoto akilala, mama halali. Masikio yake yaliendelea kusikia kilio hata pasipokuwa na kilio. Akaacha kula, si kwa kukosa majani, alisahau tu. Siku moja alikwenda kijitoni, akasimama majini, asijue alifuata nini. Siku nyingine alimtazama Tunu, akaona kama anamtazama mtoto wa mgeni. Hilo lilimtisha. Akaona afadhali aseme.

Akamngoja mumewe arudi malishoni. Akamwambia, "Baba Tunu, sijisikii vizuri."

"Una homa?"

"Sina."

"Kuna mahali panauma?"

"Hapaumi."

"Basi pumzika," akasema Shomari. Akajilaza, akapitiwa na usingizi. Mtoto alikuwa bado mikononi mwa Siwema.

Kesho yake akamwendea Kanga. "Shoga, nina jambo. Mtoto huyu ananielemea."

Kanga akacheka kwa wema. "Usiseme hivyo, shoga. Wenzio wanamlilia Mungu mwaka hadi mwaka hawapati. Wewe umepewa. Shukuru."

Siwema akasema, "Nashukuru." Akaondoka.

Siku ya tatu akafunga safari mpaka kwa Bi Arafa, mtoto mgongoni. "Mama, naona nashindwa."

Bi Arafa alikuwa akipepeta nafaka. Hakuinua uso. "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Hakuna aliyeniona nikitoa chozi. Uzazi ndio huo. Jikaze."

"Nimesikia, mama."

Basi tangu siku ile Siwema akajifunza kutabasamu. Hujambo, Siwema? Sijambo. Na mtoto? Hajambo, yuko salama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Siwema hakuanza kwa kuficha. Alisema mara tatu, ndipo akajifunza kuficha.

Sasa, ng'ambo ya kijito aliishi Fisi. Siku zote hizo alikuwa amelala kifudifudi majanini, akisikiliza. Alisikia kilio cha mtoto. Alisikia pia sauti ya mama ikizidi kufifia.

Asubuhi moja akaja mpaka ukingoni, akasimama upande wake. "Hodi, binti yangu."

"Ondoka, Fisi. Nakujua."

"Unanijua, kweli. Wala sivuki. Nimekuja kukwambia neno moja tu. Umechoka."

Akageuka, akaenda zake.

Siwema akaketi chini. Machozi yakamtoka, yakamtoka, wala hakuyafuta. Neno lile hakuna aliyekuwa amemwambia.

Siku ya pili Fisi akaja tena. "Binti yangu, jana ulikula nini?"

Siwema akafikiri. Hakukumbuka.

"Umechoka," akasema Fisi. "Si kosa lako." Akaenda zake.

Siku ya tatu Tunu alilia tangu alfajiri. Jua likapanda, bado analia. Wimbo ukamwishia mama mdomoni. Fisi akavuka kijito taratibu, akasimama mlangoni pa kibanda.

"Nipe nikushikie. Ulale kidogo tu, mpaka kivuli kifike kwenye jiwe lile."

Siwema alijua kuwa huyu ni Fisi. Meno yake aliyaona. Msiniulize kwa nini alimpa. Mwenye kiu ya siku nyingi hachagui kisima. Alinyoosha mikono, akampa.

Na la kwanza alilolihisi, wasikilizaji wangu, lilikuwa wepesi. Mikono ilikuwa mitupu, nao mwili ukawa mwepesi kama unyoya. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Akajilaza palepale chini, akalala.

Fisi hakungoja kivuli. Alimng'ata mtoto mguu wa nyuma, akatimua mbio kuelekea kwenye majabali.

Kanga alikuwa njiani akichakura mchwa. Akaona. Akapaza sauti, "Fisi kachukua mtoto! Fisi kachukua mtoto!" Shomari akasikia huko malishoni, akaja mbio. Bi Arafa akatupa ungo, akaja mbio. Nyati, aliyekuwa akinywa maji, akaenda akaziba njia kwa mwili wake. Fisi alipotaka kupenya, Nyati alimnyanyua kwa pembe, akambwaga juu ya majabali. Kiuno kikavunjika. Ndiyo maana hata leo Fisi anatembea kama mtu anayetaka kuketi.

Tunu, aliyeponyoka mdomoni mwa Fisi, alikuwa hai. Lakini ule mguu wa nyuma ulikuwa umepinda.

Wakamrudisha nyumbani. Wakamkuta Siwema angali amelala, wakamtikisa. "Mama Tunu, Fisi alimpataje mtoto?"

Siwema akafumbua macho, akatazama mkeka. Kisha akakumbuka. "Nilimpa Fisi."

"Alikunyang'anya," akasema Shomari.

"Hakuninyang'anya. Nilimpa kwa mikono yangu."

Shomari alifungua kinywa kumkaripia. "Kwa nini? Mama gani wewe..."

"Aliniambia nimechoka," akasema Siwema.

Shomari akatazama kwato zake. Alikumbuka kuwa yeye alimwambia mkewe apumzike, na hakumpokea mtoto. Kanga akaficha kichwa chini ya bawa. Bi Arafa akaketi mavumbini, naye hakuwa na kawaida ya kuketi mavumbini.

"Nililia," akasema Bi Arafa.

"Unasemaje, mama?"

"Nilipomzaa huyu Shomari. Siku moja nilimlaza majanini nikaondoka. Nikaenda, nikaenda, mpaka kijito cha pili. Nilirudi kwa sababu maziwa yalijaa yakaniuma. Sikurudi kwa kumtamani. Sikumwambia mtu, hata mama yangu." Akamshika Siwema mkono. "Ulipokuja kwangu na mtoto mgongoni nilikujua, mwanangu. Nilijiona mimi. Nikaogopa, nikakuambia ujikaze. Nisamehe."

Siku ile Siwema hakuwa na nguvu ya kusamehe wala ya kukasirika.

Bi Arafa akahamia pale kibandani. Safari hii hakuhesabu siku. Shomari akawa anakaa na mtoto tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akajifunza kumbembeleza, akajua kumbe kilio cha mtoto kinaingia mpaka mifupani. Kanga alikuja kila siku. Haulizi tena mtoto hajambo. Anauliza, "Umelala? Umekula nini?" Kisha anakaa, anangoja jibu.

Siwema alilala, akala, akalala tena. Mwezi mzima ukapita ndipo akacheka, na kesho yake akalia kutwa. Bi Arafa akamwambia, "Lia, mwanangu, nipo." Kumshika Tunu aliogopa. Alisema mikono yake haiaminiki. Wakawa wanamwekea mtoto ubavuni tu, wakikaa nao. Siku moja Tunu akamsugulia pua shingoni, na Siwema akahisi kitu kinamrudia, kidogo kidogo, kama maji kijitoni baada ya kiangazi. Akamkumbatia mwenyewe, bila kuambiwa.

Basi akapona. Lakini kupona si kurudi ulikotoka.

Tunu alikua akichechemea. Watoto wa paa wakikimbia, yeye alikuwa wa mwisho. Kila Siwema aliposikia hatua zake, tatu imara na moja ya kuburuta, aliitazama mikono yake. Jioni baada ya jioni Bi Arafa alimkanda mguu ule kwa maji ya moto, na mguu haukunyooka. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwa Bi Arafa mjukuu huyo alikuwa na jina, na alikuwa akichechemea mbele yake kila siku mpaka bibi huyo alipokufa.

Hadithi hii inatufunza nini? Mzazi akikwambia amechoka, usimpe methali. Mpokee mtoto. Na wewe uliyechoka, sema. Ukisema mara tatu usisikilizwe, tafuta wa nne umwambie, kabla hajatokea Fisi wa kukuelewa.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, na ikimwelemea njiani, ampokeze mwenziwe.