Kabla ya Kula

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2023, saa nne asubuhi. Na ajabu ni kwamba siku hiyo Makokha alitoka hospitalini akitabasamu. Ugonjwa wa mke wake, Nasike, ulikuwa umepata jina. Tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili joto na nguvu, ilikuwa imelegea. Muuguzi alimkabidhi Nasike vidonge vidogo vyeupe, akasema bila kuinua macho, akimwita mama kwa Kiganda, "Kimoja kila asubuhi kabla ya kula, nyabo. Anayefuata."

Kabla ya kula. Makokha na Nasike walikuwa Wabukusu kutoka Kenya waliohamia Kampala, na kwa Mbukusu kula ni ugali. Mgeni aweza kunyweshwa vikombe vitatu vya chai, na bado akatoka akilalamika njiani kwamba ameachwa na njaa. Basi tangu kesho yake Makokha aliamka mapema, akapika chai ya maziwa mazito, akampelekea mkewe kitandani pamoja na kidonge. Hakukosa hata siku moja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yake yalifuka mvuke kila alfajiri.

Nasike aliuza nguo za watoto katika soko la Owino, na sauti yake ndiyo iliyokuwa duka lake. Aliziimba fulana na soksi mpaka mtu aliyekuwa akipita tu akajikuta amesimama. Makokha, aliyebeba marobota ya mitumba katika soko hilohilo, hakuhitaji kuuliza mkewe yuko kona gani, aliifuata sauti. Sasa sauti hiyo ilikwaruza kama gunzi juu ya bati. Uso ulimvimba, nywele zilibaki kwenye kitana, na adhuhuri ya jua kali alisinzia akiwa na nguo ya mteja mkononi.

"Dada, sweta mbili jua hili?" alimtania Sitti, Mnubi aliyeuza kando yake. "Au unakwenda Ulaya na hujatuaga?"

"Ndege imechelewa, dada. Bado niko kwenye foleni."

Foleni ilikuwa ya kweli. Mara nne walirudi hospitalini, na mara nne daktari aliuliza lilelile: "Dawa unameza?" Nasike alijibu kwamba anameza kila siku. "Basi endelea." Damu haikupimwa tena, mashine, walisema, inamngoja fundi. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia Makokha.

"Daktari, huyu hajapona. Tunaomba kuonana na bingwa."

"Mgonjwa ni wewe, mzee?"

"Mimi ni mume wake."

"Basi mpunguzie chapati. Amenenepa, na umri nao haumsubiri mtu."

Waliokuwa mlangoni walicheka. Makokha, aliyeachia shule darasa la tatu, aliyameza maneno yake kama mfupa. Ndivyo ilivyo duniani: mwenye kalamu humshinda mwenye haki.

Jioni hiyo Nasike alikaa jikoni karibu na jiko, amejikunyata. "Baba Moreen, mimi sitaki miujiza," alimwambia mumewe. "Nataka niamke siku moja nijisikie ni mimi. Niite mteja mmoja tu, kwa sauti yangu."

Hamu hiyo ndiyo iliyomrudisha Makokha hospitalini peke yake mwanzoni mwa mwaka 2025. Alikaa mlangoni kwa mkubwa wa hospitali tangu asubuhi, akakataa kuondoka. Kufikia alasiri, ili tu wamwondoe njiani, walimwandikia barua ya kwenda kwa bingwa: tarehe kumi na nane Juni. Nasike alizihesabu siku kama mtoto anayengoja sikukuu. "Nikitoka huko," alimwambia Sitti, "wateja wako wote nitawaita waje kwangu."

"Bambi, dada yangu, waite tu. Nitakuja na mimi," Sitti alijibu.

Mvua za Mei zilimletea Nasike homa ya mapafu. Mwili wake ukawa baridi kama sakafu, usingizi ukamvuta, na siku ya tatu wodini, mchana kweupe, hakuamka.

Tarehe kumi na nane Juni Makokha alivaa koti lake la kanisani, akaenda na barua. Hakujua mahali pengine pa kuipeleka hamu yake.

"Nasike yuko wapi?" aliuliza bingwa, Daktari Anena.

"Hayupo tena, daktari. Nimekuja badala yake."

Daktari alimvutia kiti. Alilisoma faili la Nasike ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza taratibu, "Kidonge alikimeza na nini?"

"Na chai ya maziwa. Nilipika mwenyewe. Walisema kabla ya kula, na sisi tulishika."

Daktari Anena aliweka kalamu chini. "Mzee, dawa hii humezwa na maji matupu, halafu mtu hungoja kama saa moja ndipo anywe chai. Maziwa na chai huizuia isiingie vizuri mwilini."

Makokha aliitazama mikono yake. "Basi nilimuua mimi?"

"Siwezi kusema hivyo, wala hakuna awezaye. Lakini angeweza kusaidiwa. Ilitakiwa mtu amuulize, na damu ipimwe tena."

"Mimi pia sikuuliza," Makokha alisema. "Niliogopa kuonekana mjinga. Lakini wao, daktari, ndiyo kazi yao. Miaka miwili, mara nne. Kwa nini hawakuuliza?"

Daktari Anena aliichukua tena kalamu, akaandika kwenye faili: chai ya maziwa.

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Makokha amekwisha kujifunza, na mwalimu wake amelala kaburini kwao Bungoma, Kenya. Lakini yule daktari wa kwanza, aliyewekwa mezani ili aulize, naye akanyamaza, atajifunza lini?