Mkojo wa Kuazima

Mama mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba, na udongo alikuwa anaula, we acha tu! Akina mama, naona mnatazamana. Mnaujua, ule wa vipande unaouzwa sokoni. Aliufunga kwenye pindo la khanga, akaumung'unya hata akiwa jikoni. Sasa, nesi wa kliniki yao alikuwa na mdomo. Mwezi uliotangulia alimsema mwanamke mmoja mla udongo mbele ya benchi zima, mpaka machozi yakamtoka. Mama huyu akajisemea, wakinipima mkojo leo, si udongo wote utaonekana? Hofu ikamshika kwelikweli.

Alikuwa amesindikizwa na wifi yake, naye mjamzito, mwanamke shupavu anayesifiwa mtaa mzima. Kliniki huyo alikuwa hakanyagi; alisema ni ya wagonjwa. Asubuhi ile alilalamika kichwa njia nzima, wakasema ni jua tu. Nesi alipotoa kikopo, mama akamvuta wifi yake kule chooni.

"Wifi, nisitiri. Nijazie wewe."

"Mkojo wangu?" Wifi akacheka hadi akashika ukuta. "Lete! Leo watamjua mtu mwenye afya."

Wapendwa, si ndivyo tufanyavyo? Tunamtafuta anayesifiwa, tunajificha mgongoni kwake.

Mama akapeleka kikopo, roho imetulia. Nesi akapima. Akapima tena.

"Mama, mkojo huu una dalili za kifafa cha mimba. Lakini presha yako nimeipima, ni nzuri, sielewi. Kichwa kinakuuma?"

Kichwa! Mama akachungulia nje. Wifi yake alikuwa pale kwenye benchi, ameinama, amekishika kichwa kwa mikono miwili. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, yeye atameza dawa zisizo zake na wifi atarudi nyumbani kufa. Niambieni, ninyi mngefanyaje? Wengine humu tungesema "asante, sista," tukajiondokea.

"Sista," akasema, "huo mkojo si wangu. Ni wa wifi yangu yule pale. Mimi nakula udongo, niliogopa utauona."

Nesi hakumsema. Muda huo angeutoa wapi? Alitoka mbio na kipimo cha presha mkononi. Wifi akabisha, "Mimi? Mimi mzima kabisa!" Presha yake ilikuwa juu vibaya mno. Gari la wagonjwa likaitwa, akakimbizwa hospitali, akachomwa sindano, akalazwa, akazalishwa kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo, lakini alilia wodi nzima ikasikia. Leo wifi mzima, mtoto mzima. Bwana asifiwe!

Na yule mama aliyeazima mkojo? Nesi alimpa kikopo kingine siku ile ile, na mkojo wake ukawa safi.

"Nani alikudanganya kwamba udongo unaonekana kwenye mkojo, mama yangu?" nesi akamwuliza, sasa anacheka. "Uache, unakumaliza damu. Na umeze vidonge hivi vya kuongeza damu."

Mama akaketi chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Hofu yote ile, kumbe ya bure.

Ndugu zangu, sisi tunamwogopa Mungu vile vile. Tunadhani anatupima ili atuaibishe, kumbe anatafuta pa kututibu. Basi tunamletea vya kuazima: maombi ya mama zetu, jina zuri la ukoo, ushuhuda wa jirani. Na huyo tuliyeazima kwake, tunayemwona mzima, je, kama naye anaumwa na hajui? Wajawazito wote mnaojiita wazima, kesho asubuhi kliniki, na waume wawasindikize, msinitolee visingizio. Nasi sote tumpelekee Mungu kilicho chetu, hata kama kinatuaibisha. Sema kweli, ndugu yangu, hata kama sauti inatetemeka, maana atakayeokolewa na kweli hiyo huenda si wewe.