Kwa Nini E ya Kiingereza Haisemi

Sikilizeni, na mwenye usingizi akalale, maana kisa hiki huniudhi kila nikikisimulia.

Zamani, kila herufi iliyokaa mwishoni mwa neno ilisema. Ndiyo ilikuwa sheria, kwetu na kwa wengine. Katika nyumba ya Bwana Kiingereza, aliyekaa mwisho alikuwa Bi E, mama wa watu, na mali yake ilikuwa sauti tu. Neno lao la kutumaini, hope, lilisomwa ho-pe, kama sisi tusomavyo pepe.

Bwana Kiingereza alikuwa mtu wa haraka. Siku moja akamwambia, "Bi E, unanichelewesha. Kaa hapo hapo, ila usifungue kinywa."

"Bwana, nimekukosea nini?"

Akafunga kinywa, lakini kazi haikupungua, kwani ndiye aliyemkonyeza O wa ndani ya hope ili alitaje jina lake sawasawa, "ou". Mtu ananyang'anywa sauti na bado anatumikishwa! Hiyo ni haki ya wapi?

Kisha akaja Ing, kiambishi tamati kijana mwenye makeke, akakitaka kiti cha mwisho katika hope. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akafukuzwa!

"Inuka, mama," Bwana Kiingereza alisema. "I wa mgeni ataifanya kazi yako."

Bi E akatoka bila hata kuagwa, neno likawa hoping.

Siku nyingine akaja Able, kiambishi kingine, naye akakitaka kiti cha Bi E katika neno notice, la kutambua, ambamo C husomwa S. Hapo C akamng'ang'ania Bi E kanga. "Mama, usiniache! Ukiondoka tu, A wa mgeni atanigeuza K!"

Bwana Kiingereza akaingiwa na hofu, akamwacha Bi E abaki katikati, noticeable. Msidhani alimhurumia. Alimhitaji tu.

Na tangu siku hiyo Bi E hasemi mwishoni mwa maneno yale. Huku anafukuzwa, kule anazuiwa asiondoke. Mtoto wetu, aliyelelewa katika lugha ambayo irabu ya mwisho husema, anaandika hopeing kwa adabu zake zote, akimwachia Bi E kiti chake. Mwalimu anamkata kwa wino mwekundu. Aliyemfukuza mama wa watu hajawahi kukosolewa hata siku moja. Anayekosolewa ni yule aliyemkaribisha.