Uwanja wa Mwana wa Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa uwanja.
Wa nani?
— Wa mwenye boma.
Na sisi tusio na boma?
— Tukae chini, tusikie.

Basi kaeni.

Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na uwanja mmoja tu wa nyasi tambarare. Kwingine kote ni mawe na miiba. Vijana wa wanyama wote walicheza hapo, na aliyewashinda wote kwa mbio alikuwa Mbaruku, mtoto wa Digidigi. Tifu tifu tifu, amekwisha fika! Dada yake, Sikudhani, alikuwa akimshangilia mpaka sauti inamkauka.

Mwaka mmoja Bwana Kiboko, tajiri wa mto, akauzungushia uwanja ule boma la miti. Akasema, "Mwanangu amebalehe. Anataka mahali pa kufanyia mazoezi."

Akamwajiri Korongo awe mwalimu, akamvisha filimbi shingoni. Kila asubuhi, prrrii! Bwana Mdogo anakimbia. Prrrii! Bwana Mdogo anapumzika, analetewa matikiti.

Kiangazi kikaja, nyasi zikaanza kukauka. Bwana Kiboko akaenda akaketi kwenye njia ya mtoni, akaiziba yote kwa tumbo lake.

"Anayetaka kunywa," akasema, "kwanza anyweshe uwanja wa mwanangu."

Wangefanyaje? Vijana wa Digidigi, vijana wa Pimbi, vijana wa Ngiri, wakateka, wakabeba, wakamwaga. Wakarudi, wakateka, wakabeba, wakamwaga. Jua likachomoza wako njiani, likazama wako njiani. Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo. Sikudhani akaiona miguu ya kaka yake ikipinda kidogo kidogo, na kila akimwuliza, Mbaruku hujibu, "Si kitu, dada. Beba."

Siku moja Mbaruku akaanguka na ndoo yake. Puu! Goti likalia ko! kama kijiti kikavu. Maji yakamwagika mchangani.

Bwana Kiboko akaja. Akayatazama maji. Kwa Mbaruku hakutupa hata jicho.

"Sasa haya," akauliza, "nani atayarudia?"

Sikudhani alitaka kulia. Kisha akaona kilio chake hakitamwinua kaka yake. Akajipangusa uso, akacheka.

"Wewe! Unacheka nini?"

"Namcheka kaka yangu, Bwana Mkubwa. Ameimwaga siri ya maskini."

"Siri gani?"

"Ah, nimeropoka. Wewe unavyo vyote, Bwana. Hiki kimoja tuachie."

Masikio ya Kiboko yakasimama. Kuna kitu hana! "Sema!"

Sikudhani aliweka ndoo chini, akarudi nyuma kidogo, akaruka. Hup! Yuko ndani ya boma. Hup! Yuko nje tena. Digidigi wote huruka hivyo tangu wakiwa wachanga, lakini Bwana Kiboko hakuwahi kuwatazama hata siku moja.

"Na udogo wako huo!" akasema, mdomo wazi. "Nani kakufundisha?"

"Ndoo, Bwana Mkubwa. Mazoezi yenyewe ndiyo haya. Korongo anampotezea mwanao ujana wake bure. Sisi tukiendelea kubeba hivi mpaka masika, tutauruka mto."

"Wekeni ndoo chini!" Kiboko akanguruma. "Zote! Asiguse mtu! Hizo ni za mwanangu. Na zangu mimi."

Wakaziweka. Wakashuka mtoni, wakanywa mpaka wakatosheka.

Kesho yake Bwana Kiboko na mwanawe wakateka, wakabeba, wakamwaga. Wakarudi, wakateka, wakabeba, wakamwaga. Korongo alipoona hana kazi, akatundika filimbi kwenye mti wa boma, akaruka zake.

"Baba, ngozi inawaka!" Bwana Mdogo akalia.

"Beba, mwanangu. Utaruka."

Jua likawapiga siku nzima, na siku iliyofuata, hata ngozi ya baba ikapasuka, ikatoka ute mwekundu. Akaona sasa nguvu zimeingia. Akaita wanyama wote waje kumwona. Akakimbia, gudu gudu gudu, akajirusha. Kraaa! Boma likalala chini, na yeye juu yake. Hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti. Bwana Kiboko akamvuta mwanawe, wakajitosa mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo kiboko hapendi kutoka majini jua likiwaka.

Sikudhani akaiokota filimbi. Prrrii! "Uwanja ni wetu! Njooni tukimbie!"

Wakaja. Vijana wa Pimbi wakazikanyaga nyasi, wakaona ni laini, wakalala. Vijana wa Ngiri wakapiga magoti kama wanaotaka kuanza mbio, wakalala papo hapo.

"Amkeni, jamani! Hakuna ndoo leo!"

Wakakoroma tu.

Mbaruku akaja wa mwisho, akijikokota. Goti lilikuwa limevimba, halikunjiki.

"Kimbia wewe, dada," akasema. "Mimi nitakutazama."

Sikudhani akakimbia. Akauzunguka uwanja wote, peke yake, tifu tifu tifu. Aliporudi, Mbaruku naye alikuwa amelala, mguu mbovu umenyooka mbele yake kama si wake. Hakuwahi kukimbia tena.

Huko mtoni macho mawili yakachomoza juu ya maji. Bwana Kiboko akamgeukia jirani yake, Mamba.

"Unawaona? Uwanja wanao, filimbi wanayo, na bado wamelala fofofo. Wavivu! Watoto wa maskini hawapendi mazoezi."

"Naona," Mamba akasema. "Tena mchana kweupe."

Maneno hayo yakateremka na mto, yakafika kila kijiji, na wako wasomi wanayarudia mpaka leo.

Sikudhani aliyasikia. Alikuwa na jibu, lakini angelipaza, angewaamsha. Akawa anamfukuzia kaka yake nzi.

Mnataka na funzo? Haya, shikeni: vijana, fanyeni mazoezi kila siku, kama Bwana Mdogo. Mkishindwa, msitafute visingizio. Ni uvivu wenu tu.

Ngano yangu nimeitua hapa chini. Mwenye nguvu aibebe aende nayo. Aliyechoka aiegemee, apumzike.