Kitabu cha Sufuria na Sinia la Radhi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule na kuazimana chumvi uani, alikuwepo Bi Kindi, mjane mwenye mkia mrefu na masikio yasiyolala. Alikaanga vitumbua nje ya lango la shule. Chwaa! kitumbua. Chwaa! kingine. Na kila aliyesimama kununua aliondoka na vitu viwili, kitumbua na umbea: nani kanuniwa na mkewe, nani kaenda harusini na kanzu ya kuazima.

Kusoma hakujua. Binti yake, Sikudhani, ndiye aliyekuwa shuleni, na huyo naye, jamani, alikuwa kazi! Herufi zilimruka kama panzi. Akishika hii, ile imekwenda.

Mpaka siku Mwalimu Kobe alipotunga kitabu chake mwenyewe, kikaitwa *Sufuria Iliyolia*. Kilisimulia mkubwa mmoja aliyepita dirishani kuingia jikoni mwa shule kuiba makande ya watoto, kichwa kikanasa ndani ya sufuria. Kwangala! kwangala! akagonga kuta zote. Sikudhani alicheka, akacheka, akashtukia anasoma.

Tangu hapo kila jioni alimsomea mama yake.

"Enhe! Kichwa kikanasa," alisema Bi Kindi, mkia umemsimama. "Halafu?"

"Kesho, mama. Mwalimu kasema ukurasa wa mwisho tutausoma pamoja darasani."

"Kesho! Na mimi usiku huu nilaleje?"

Kesho yake, hata kengele haijalia, ardhi ikatikisika. Du! du! du! Bwana Kiboko huyo, mwenyekiti wa kamati ya shule, na gunia begani. Nyuma yake wajumbe wake, Bwana Nyati na Bwana Fisi.

"Leteni vitabu vyote!" Kiboko alinguruma. "Kitabu hiki ni marufuku! Kinatukana wakubwa. Kesho Jumamosi tunakichoma mbele ya wazazi. Na wewe Kobe, moto ukizimika tu, vuka mto, usirudi!"

Maskini Mwalimu Kobe! Hakuwa hata na cha kufungasha, nyumba anayo mgongoni. Alirudisha kichwa ndani.

Sikudhani alimjia mama yake pale langoni, uso kauficha mkiani.

"Mama, wakikichoma mimi shule basi. Herufi zitaanza kuniruka tena."

Bi Kindi alimvuta kifuani. Alimhurumia mtoto, Mungu shahidi. Lakini na ukurasa wa mwisho nao ulimwasha kama upupu. Akaacha vitumbua vikiungua, mbio mpaka kwa Mwalimu Kobe.

"Mwalimu, ninong'oneze tu. Alinasuka, hakunasuka?"

"Nimekatazwa hata kukisimulia, Bi Kindi. Nimetoa neno langu."

"Mwanamume na neno lake, haya. Basi niambie moja tu. Huyo mkubwa, jina lake umeliandika?"

"Nitaliandikaje na mimi simjui? Siku moja nilisikia kelele jikoni. Nikaenda mbio kuangalia." Kobe akashusha pumzi. "Mbio zangu unazijua. Nilipofika, hapakuwa na mtu, ila sufuria tupu sakafuni na dirisha wazi."

Bi Kindi akaondoka hata bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kitabu hakina jina," alijisemea njiani. "Mwenye kukitunga hamjui mwizi. Sasa hawa wamejuaje katukanwa nani?"

Akafika nyumbani, akaloweka mchele, akakuna nazi.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Vitabu vimerundikwa juu ya kuni, Mwalimu Kobe kawekwa kando kama mfiwa, Kiboko kashika kiberiti. Mara ikapita harufu! Wali wa nazi, iliki imo, kitunguu cha kukaanga kimo. Pua zote zikageuka. Bi Kindi huyo, sinia kichwani, kawa juu, khanga kaifunga kiunoni. Akapiga magoti mbele ya kamati.

"Shikamooni, wakubwa zangu."

"Marahaba. Una nini hapo?" aliuliza Fisi, macho kwenye kawa.

"Kabla ya moto, bwana wangu, radhi. Mtu akitukanwa, huangukiwa miguuni, akapakuliwa chakula. Ndivyo tulivyolelewa. Sinia hili ni la yule mkubwa aliyetukanwa kitabuni."

"Lete, tutagawana," alisema Nyati.

"Ala! Radhi haigawanywi, kaka. Kitabu kimesema mkubwa mmoja. Akila mwingine, si tutakuwa tumemtukana mwenyewe mara ya pili? Ni nani nimnawishe?"

Kiboko akakohoa. "Hakuna haja ya kutajana hapa."

"Basi nalirudisha nyumbani." Akajifanya anainuka, na kawa ikateleza kidogo, kwa bahati mbaya, mimi nawaambia nilivyosikia. Mvuke, fuu! ukampiga Fisi puani.

"Ni mimi!" Fisi akaruka. "Kitabu kinasema alipita dirishani. Nani mwingine apite dirishani, Kiboko na makalio yale? Tazama kovu nyuma ya sikio! Sufuria hiyo!"

"Muongo mkubwa!" Nyati akampiga kumbo. "Wewe ulilia tu mle ndani, mee, mee, kama mwanakondoo. Nani aliyekunasua kwa pembe? Na makande yaliyobaki nani aliyamaliza? Mimi! Nawishe hapa, Bi Kindi!"

"Vibaka nyie!" Kiboko akafoka, povu limemtoka. "Mnadokoa sufuria, mnajiita wakubwa? Ufunguo wa ghala anao nani? Magunia ya unga yanayotoka kwa mlango wa nyuma yanapita mgongoni kwa nani? Mkubwa ni mmoja tu, ni mimi! Leta sinia!"

Lo! Kayasema mwenyewe.

Sauti nyembamba ikatoka kwa Sikudhani:

"Kumbe ndiyo maana uji wetu mwepesi, mtu anajionea uso ndani kama kwenye kioo!"

"Weee!" kina mama wakavua makubadhi. Pa! pa! pa! Kiboko akaangusha kiberiti, akaangusha na ufunguo. Siku ile mto ulivukwa kweli, ila waliovuka walikuwa watatu, na Mwalimu Kobe hakuwa mmoja wao.

Sinia wakalila watoto. Bi Kindi akachomoa kitabu juu ya kuni, akakipangusa kwa khanga, akakaa kitako palepale.

"Soma, mwanangu. Ukurasa wa mwisho. Nimekonda mimi."

Sikudhani akasoma, kila herufi imetulia mahali pake: "'Basi yule mkubwa akatoka mbio gizani, na mpaka leo hakuna anayemjua.'"

"Halafu?"

"Basi, mama. Ndiyo mwisho."

Bi Kindi akacheka mpaka akaangukia kwenye kawa. "Lo! Wangekisoma mpaka mwisho, si wangelala usingizi wao!"

Haya wajukuu zangu, sinia limekwisha na hadithi imekwisha: anayekimbilia kuvunja kioo, masizi ya usoni anayajua mwenyewe.