Sufuria Iliyongoja Watu Wote

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango, Krismasi imebakiza wiki mbili. Kabla hatujaanza kuulizana nani anakuja na nani haji, nisikilizeni habari ya bibi mmoja. Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kutazamana mkimtafuta.

Bibi huyo alikuwa mjane, akiishi huku huku mlimani kwenye migomba. Watoto wake sita wote walikuwa mijini na kila Desemba walipanda nyumbani. Nyumba yake ilikuwa na sheria moja. Siku ya Krismasi, watu wakishatoka kanisani, sufuria kubwa ya ndizi na nyama ya mbuzi inakaa kwenye mafiga imefunikwa, na hakuna wa kugusa mfuniko mpaka watoto wote wa nyumba wawe ndani ya ua. Wakifika watano, bado. Ni mpaka wa sita aingie.

Sheria hiyo aliikuta kwa mama mkwe wake, akaishika kwa miaka arobaini na moja. Mwaka mmoja basi la binti yake liliharibika njiani, wakala saa kumi na mbili jioni, ndizi zimekuwa uji. Wakacheka. Mwaka mwingine mtoto mmoja alikuja na homa kali, akaingia ameshikiliwa mabegani, akaketishwa, sufuria ikafunuliwa. Hata hiyo waliisimulia kwa kucheka. Majirani walikuwa wakisema, tazameni watoto wa yule mama, hawaachani. Naye akisikia hivyo alitembea amenyoosha shingo. Nani kati yetu asingenyoosha?

Sasa Krismasi ninayowaambia, watano walikuwa wamefika. Aliyebaki ni kitinda mimba. Mke wake alikuwa ametangulia kwa basi na mtoto mchanga. Yeye angekuja asubuhi ile kwa gari kutoka Dar es Salaam, pamoja na watoto wake wawili wakubwa, msichana wa miaka tisa aitwaye Haikaeli na mdogo wake.

Saa saba ikapita. Saa nane ikafika. Wajukuu wakaanza kuzunguka jikoni kama kuku. Bibi ameketi kwenye kigoda karibu na moto, macho kwenye njia, na moyo wake umeshikwa na hofu. Aliogopa nini? Aliogopa kwamba huyu wa mwisho ndiye atakayekuwa wa kwanza kutokuja. Aliona kile alichokabidhiwa na mama mkwe wake kikivunjikia mikononi mwake, akaona miaka ijayo wakija wanne, kisha wawili, kisha yeye peke yake na sufuria ndogo ya mtu mmoja. Hofu hiyo wengi wenu mnaijua. Mimi naijua.

"Mpigieni tena," akasema.

"Tumempigia sasa hivi tu, mama," akasema kifungua mimba. "Ameshapita Same."

"Mpigie. Mwambie watu wana njaa."

Kifungua mimba akapiga. "Wewe bwana mdogo! Unaendesha gari au unasukuma mkokoteni? Watoto wa watu huku wanakula majani ya migomba!"

Watu wakacheka. "Nakuja, kaka, nakuja," ikajibu simu. "Msifunue."

Na kwa saa nzima ilikuwa hivyo. Huyu anapiga, yule anapiga. Dada yake akamwambia, "Mama amenuna huku, shauri yako." Mwingine akamwambia, "Kanyaga mafuta, mwanaume, nyama inakuita." Kila simu ilikuwa ya kumpenda, ya kumwambia bila wewe hatuli.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mke wake. Alikaa kizingitini na mtoto wake mchanga, anatazama njia. Aliulizwa mara mbili kama anaumwa. Akasema hapana.

Ikapigwa simu nyingine, na safari hii akapokea Haikaeli. Nyuma yake ukasikika wimbo wa Krismasi, mtoto mdogo anaimba kwa nguvu zote, sauti imeshakauka.

"Weka spika, weka spika!" wakasema. "Sikilizeni wanavyokuja na shangwe!"

Wote wakasogea. Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akaiinamia simu, akauliza, "Mjukuu wangu, mnaimba tangu wapi?"

"Tangu Mombo, Bibi."

"Jamani! Mnafurahia kuja kwa Bibi?"

"Tunaimba ili baba asilale."

Mtoto akaendelea, maana mtoto akiulizwa hujibu mpaka mwisho. "Baba amesema akifumba macho nimpige begani. Nimeshampiga mara nne. Na mimi nimebanwa mkojo, lakini baba anasema hatusimami. Bibi, sufuria bado haijafunuliwa?"

Bibi akainua uso, akamtazama mkwe wake pale kizingitini. "Alilala saa ngapi huyu?"

"Hakulala, mama," akasema mkwe. "Jana aliingia zamu kiwandani jioni, ametoka alfajiri, akapitia watoto na kuondoka moja kwa moja."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani, mama? Mwaka juzi nilisema tuje tarehe ishirini na sita. Mliniambia nimekuja kuvunja nyumba."

Ndugu zangu, neno hilo lilikuwa la kweli, na aliyemwambia hivyo alikuwa bibi mwenyewe. Akaona sasa kwamba tangu asubuhi amekuwa akiogopa kitu kisichokuwepo. Aliogopa mwanawe hatakuja. Kumbe mwanawe anakuja, anakuja kwa mwendo wa kufa, na kamba inayomvuta ameishika yeye.

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Mwambie baba yako nimesema asimame."

Sauti ya mwanawe ikasikika kwa mbali, nzito, kama ya mtu aliyelewa. "Mama, nimebakiza kidogo. Msifunue."

"Simama hapo hapo ulipo."

"Nakuja mama. Usinikasirikie."

Hakumwamini, mnaona? Maisha yake yote yalikuwa yamemfundisha kwamba mama yake hawezi kusema hivyo akamaanisha. Bibi akainuka, akashika mfuniko kwa kitambaa.

"Mama!" kifungua mimba akasimama. "Tangu nizaliwe hatujawahi..."

"Kaa chini wewe."

Akafunua, mvuke ukapanda. Akachukua upawa, akapakua kwenye sahani yoyote iliyokuwa karibu, bila kuangalia paja ni la nani na mbavu ni za nani, akawasukumia wajukuu na watoto wake wazima. "Kuleni. Sogeeni hapa kwenye simu mle kwa sauti, asikie."

Basi wakala. Fikirini watu kumi na saba wameizunguka simu iliyowekwa juu ya ndoo, wanatafuna nyama ya moto inayowaunguza midomo, wengine wanatokwa machozi, na hakuna anayesikia ladha. Kifungua mimba akavunja mfupa kwa meno karibu kabisa na simu. Bibi akapaza sauti: "Umesikia? Tumeshaanza! Hakuna anayekungoja! Huna unachowahi!"

Simu ikakatika.

Wakapiga, haipatikani. Wakapiga tena, haipatikani. Sahani zikashuka chini moja moja. Mkwe akampa mtu mtoto, akatoka mpaka barabarani, akasimama tu kule, maana angefanya nini? Bibi hakusali kwa maneno. Alikaa akihesabu kona zote za barabara ile anazozijua, na kwenye kila kona aliona gari limepinduka.

Zikapita dakika ishirini na tano. Ninyi mlioachiwa simu isiyopatikana mnajua dakika ishirini na tano zina urefu gani.

Simu ikalia. Alikuwa Haikaeli, ananong'ona. "Bibi, mtandao ulipotea. Tumesimama kwenye kituo cha mafuta. Nimeshakojoa. Baba amelala, anakoroma. Kuna mama anauza mahindi hapa dirishani, amesema atakaa na sisi. Nimuamshe baba?"

"Usimwamshe," akasema Bibi. "Mtu yeyote asimwamshe."

Mwanawe alifika saa moja kasoro jioni, wenzake wameshiba, akapewa chakula kilichopashwa moto. Mama yake akakaa naye akiwa anakula. Akamuuliza, "Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia kwamba huwa unakuja hivyo?"

Akajibu bila ubaya wowote, mdomo umejaa. "Mama, sisi wote huwa tunakuja hivyo."

Sasa niseme na sisi. Msiniambie mfano huu ni wa barabara. Ni wa mikono yetu. Tunasema familia yetu imeshikamana, na ni kweli, lakini tumeishikamanisha kwa kitu gani? Tumewaambia watoto, usipokuja usihesabu una mama. Tumewaambia wakwe wakinyamaza ndiyo adabu. Tumewafanya waogope uso wetu kuliko lori linalokuja mbele, halafu wakiingia uani wana macho mekundu, tunapiga makofi na kusema tazameni wanavyonipenda. Umewahi kumuuliza hata mmoja alilala saa ngapi?

Na hapa kanisani ni hivyo hivyo. Kwenye mabenchi haya kuna mtu amekuja leo anaumwa, kwa sababu anaogopa tutakachosema asipoonekana. Tunamwona, tunafurahi benchi limejaa. Mungu hatuhesabu hivyo. Yeye alimfuata aliyebaki nyuma, hakumpigia kelele akimbie.

Bibi yule aliogopa kupoteza Krismasi, akakaribia kupoteza mwana na wajukuu wawili. Bahati yake, mtoto alisema ukweli. Sisi tunangoja nani atuambie?

Tukitoka hapa, kabla hujawasha moto wa chakula cha mchana, mpigie yule wako wa mbali. Usimuulize anafika lini. Mwambie alale kwanza, chakula chake utamwekea, na akifika tarehe ishirini na saba bado ni mwanao. Mwambie mara mbili, maana mara ya kwanza hatakuamini.